Maua Ndani ya Nyumba ya Baridi



Nchi yetu ina sehemu nyingi za joto. Lakini iko pia mikoa na wilaya ambako watu hawalalamikii joto hata siku moja. Huko ni Makete, Njombe, Mufindi, Rungwe, Mbulu na milima ya Lushoto. Mwezi wa Juni na Julai wazee huko hukaa juani asubuhi wamejifunika mablanketi. Pale Makete sakitu huonekana alfajiri, nyeupe juu ya majani kama unga uliomwagika.

Nyumba zetu za huko hazina mtambo wa kuleta joto. Kuta ni za matofali, paa ni la bati, sakafu ni ya saruji au udongo. Hata hivyo watu wengi hupenda kuweka maua ndani. Mama hupanda ua katika kopo, akaliweka dirishani. Mgeni akiingia, macho yake huanzia hapo.

Huenda utauliza: maua yanahusu nini na ukurasa wa afya? Yanahusu. Ua lililomo ndani ya nyumba linahitaji mwanga, hewa, maji ya kiasi na chombo kisicho na sumu. Mtu aliyemo ndani ya nyumba hiyo anahitaji mambo hayo hayo. Lakini liko jambo moja ambalo mtu na ua hawafanani hata kidogo. Jambo hilo limewaua watu wengi wakati wa baridi. Tutalifikia. Kwanza tujifunze kupanda.

KWA NINI KWETU KUNA BARIDI

Hewa ya juu milimani ni baridi kuliko hewa ya pwani. Ukipanda mlima kwa mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za sentigredi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo siku ambayo mtu wa Dar es Salaam anajipepea kwa gazeti, mtu wa Njombe amevaa sweta. Uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, mita 2,600 hivi.

Usiku ukiwa hauna mawingu, joto la ardhi na la mapaa hupotea haraka kwenda angani. Bati hupoa upesi kuliko nyasi. Ndiyo maana nyumba ya bati isiyo na dari huwa baridi sana alfajiri.

BARIDI HUFANYA NINI KWA MMEA

Mmea hauna damu ya moto kama sisi. Ukipoa hewa, mmea nao hupoa. Mmea uliopoa hufanya kazi polepole. Mizizi hunywa maji kidogo. Majani mapya huchelewa kutoka. Hii si ugonjwa. Ni kama mtu anayepumzika.

Mimea mingi iliyotoka nchi za joto huanza kuumia hewa ikishuka chini ya nyuzi 10. Majani huwa na madoa, kisha huanguka. Hewa ikifika nyuzi 0, maji yaliyomo ndani ya majani huganda na kuyapasua. Kesho yake majani huwa meusi na malaini kama mboga iliyochemshwa. Hiyo ndiyo kazi ya sakitu.

Kwa hiyo siri ya kwanza ni hii: chagua ua linalostahimili baridi. Usipande ua la pwani halafu ukalilaumu.

MAUA YANAYOFAA

Jeraniamu. Hili ndilo ua la mtu anayeanza. Asili ya jeraniamu za kwenye vyungu ni Afrika Kusini. Lina majani ya mviringo yenye harufu kali ukiyasugua. Maua yake ni mekundu, ya waridi au meupe. Huvumilia baridi na ukame mdogo. Halivumilii sakitu wala maji mengi.

Fuksia. Maua yake huning'inia kama hereni. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini, yenye ubaridi kama wa kwetu. Joto kali ndilo linaloliumiza. Lipe mwanga wa kutosha, bali si jua kali la mchana.

Begonia. Ziko za majani madogo yanayong'aa. Hizi hutoa maua muda mrefu hata mahali penye mwanga wa wastani. Zilinde zisipigwe na upepo wa mlangoni.

Klivia. Majani yake ni marefu kama mikanda, na maua yake ni ya rangi ya chungwa. Hili nalo limetoka Afrika Kusini. Hustahimili ubaridi na kivuli. Lakini lina sumu ndani yake, hasa shinani. Liweke mbali na watoto.

Liko ua jingine ambalo ni letu wenyewe, nalo ni ua la Usambara. Huota lenyewe kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya milima ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mimea hiyo kwao Ujerumani. Wataalamu wakaiita Saintpaulia kwa jina lake. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu duniani kote. Ni ua la kujivunia. Lakini halipendi hewa iliyo chini ya nyuzi 10. Ukilimwagia maji baridi juu ya majani, hupata madoa. Kama unaishi Makete, lifurahie kwa mgeni wako aliyekuja nalo kutoka Tanga, ila usishangae likikukatalia.

Usichimbe maua ya porini Kitulo. Uwanda wa Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na kung'oa mimea yake ni kosa. Tena maua mengi ya Kitulo yamezoea ardhi yake. Ukiyaleta ndani hufa. Omba kipande kwa jirani. Ua la jirani limekwisha kuzoea baridi ya kijiji chenu.

CHOMBO NA UDONGO

Chungu cha udongo kilichopasuka ukingoni kinafaa. Kopo la mafuta ya kula linafaa. Ndoo kuukuu inafaa. Toboa matundu matatu au manne chini ili maji yatoke. Weka kigae kidogo juu ya kila tundu ili udongo usimwagike.

Liko kopo moja lisilofaa kabisa. Hilo ni kopo au chupa ya dawa ya kuua wadudu, au dawa ya ukungu wa viazi, au dawa ya kuogeshea mifugo. Usiliingize ndani hata kama umeliosha mara kumi. Sumu hubaki katika mikunjo na kuta za chombo. Leo umepandia ua. Mwakani ua limekufa, na mtoto anachotea maji ya kunywa. Makopo hayo yaoshwe shambani mara tatu, maji yake yaingie katika bomba la kunyunyizia na kumalizikia shambani. Kisha yatobolewe ili mtu yeyote asiyatumie tena. Muulize bwana shamba au bibi shamba wenu mahali pa kuyapeleka.

Udongo uandae hivi:

Chukua makopo mawili ya udongo mweusi wa bustanini. Ongeza kopo moja la samadi iliyooza kabisa, isiyonuka. Ongeza kopo moja la mchanga. Changanya vizuri.

Samadi mbichi huunguza mizizi. Pia hubeba vijidudu. Udongo na samadi huweza kuwa na mbegu za ugonjwa wa pepopunda na mayai ya minyoo. Kama una kidonda mkononi, kifunike kabla ya kushika udongo. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji, usugue na kucha. Ukichomwa na msumari au mwiba ulio na udongo, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati uulize habari ya chanjo ya pepopunda.

KUPANDA KIPANDE CHA JERANIAMU

Chagua tawi lenye afya lisilo na ua. Kata kipande chenye urefu wa kidole kirefu, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini. Kiache kivulini saa chache mpaka jeraha likauke. Kisha kichomeke katika udongo wenye mchanga mwingi. Mwagia maji kidogo.

Usikivutevute kuona kama kimeota mizizi. Subiri wiki nne. Wakati wa baridi hata wiki sita. Majani mapya yakitoka, jua kwamba mizizi imeshika. Wakati mzuri wa kupanda ni Septemba na Oktoba, baridi inapopungua.

CHAGUA DIRISHA

Ua hutengeneza chakula chake kwa mwanga. Ua lisilopata mwanga hurefuka, huwa jembamba na la rangi ya njano. Hilo ni ua lenye njaa.

Miezi ya Juni na Julai, jua kwetu hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini hupata jua wakati wa baridi. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, nalo ni zuri kwa maua yote niliyoyataja. Dirisha la kusini huwa na kivuli miezi hiyo. Hapo weka klivia, usiweke jeraniamu.

Sasa fungua dirisha hilo mchana. Nyumba nyingi za baridi zina madirisha madogo, na hayo madogo hufungwa mwaka mzima. Mengine yamezibwa kwa magunia. Dirisha likifunguliwa mchana, hewa chafu hutoka na hewa safi huingia. Vijidudu vya kifua kikuu hukaa katika hewa iliyofungiwa, navyo hupungua hewa ikipita. Mwanga wa jua nao huviua. Kwa hiyo ukifungua dirisha kwa ajili ya ua, umefungua pia kwa ajili ya bibi anayekohoa.

Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, asisubiri. Aende zahanati apimwe makohozi. Dirisha husaidia kuzuia kifua kikuu, lakini halikitibu.

MAJI

Maua mengi ya ndani hayafi kwa kiu. Hufa kwa kunyweshwa mno. Wakati wa baridi mmea hunywa kidogo. Maji yaliyobaki hujaza udongo, hewa hukosekana, na mizizi huoza. Majani yakinyauka, mwenye ua huongeza maji. Kumbe analiua.

Kipimo ni kidole chako. Kichomeke katika udongo mpaka kifundo cha kwanza. Ukisikia unyevu, usimwagie. Ukisikia pakavu, mwagia asubuhi, siyo jioni. Tumia maji yaliyolala ndani usiku. Maji ya mtungi wa nje alfajiri ni baridi mno kwa mizizi.

Maji yanayobaki katika kisahani chini ya kopo yamwage. Usiyaache wiki nzima. Mbu mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeeneza ugonjwa wa dengi, hutaga mayai katika vyombo vidogo kama hivyo. Mwaka 2019 dengi iliwapata watu wengi sana Dar es Salaam. Milimani mbu ni wachache kwa sababu ya baridi, lakini kumwaga kisahani ni kazi ya dakika moja.

USIKU WA BARIDI KALI

Jioni fanya mambo manne:

1. Liondoe ua karibu na kioo. Mahali penye baridi kuliko pote ndani ya chumba ni pale kiooni.

2. Usiliweke juu ya saruji. Liweke juu ya kigoda, ubao au mkeka uliokunjwa.

3. Yaweke makopo pamoja, yakaribiane.

4. Yafunike kwa kanga kuukuu au kwa gazeti ulilokwisha kulisoma. Funua asubuhi jua likitoka.

Hayo yanatosha. Ua lililochaguliwa vizuri halihitaji moto.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Sasa tumefika pale nilipoahidi. Baridi ikizidi, watu hufunga mlango, huziba nyufa kwa matambara, na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Wengine husema wanawapasha joto watoto. Wengine husema wanayapasha maua. Kisha wanalala.

Mwezi mmoja wa Juni mama mmoja mzee alikuja zahanati. Tuliamkiana, akaniuliza:

"Mwanangu, mimi siingizi jiko mpaka mkaa wote umekuwa mwekundu. Moshi umekwisha kabisa. Mbona asubuhi tuliamka vichwa vinatugonga, mimi na wajukuu wote wawili, na mmoja akatapika?"

Nikamjibu, "Mama, moshi ulikwisha. Sumu haikuisha."

Akasema, "Sumu gani? Maua yangu yalikuwa chumba hicho hicho. Yameamka mazima, hata jani moja halikulegea. Kama kungekuwa na sumu, si yangekufa yao kwanza?"

Swali la mama huyu ni la maana sana. Kila msomaji na alifikirie.

Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala koo. Mkaa mwekundu usio na moshi huitoa vile vile.

Katika damu yetu kuna chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba oksijeni, yaani ile hewa safi, kutoka mapafuni kwenda kila sehemu ya mwili. Kaboni monoksidi hushikana na chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama gari la abiria lililojazwa mawe. Gari linatembea, lakini abiria hawana nafasi. Ubongo na moyo hukosa oksijeni. Mtu huzidi kusinzia, na aliyelala hatambui lolote. Wengi hawaamki tena.

Na ua? Ua halina damu. Halina chembe nyekundu za kubeba hewa. Kwa hiyo sumu inayoiua familia usiku mmoja inaweza kuliacha ua likiwa la kijani dirishani. Hapa ndipo mtu na ua wanapoachana. Ua litakuonyesha kuwa nyumba ina giza. Litakuonyesha kuwa ina baridi. Lakini juu ya sumu ya mkaa halitakuonya. Usilitegemee.

Dalili za sumu ya mkaa ni hizi:

Kichwa kuuma. Kizunguzungu. Kichefuchefu au kutapika. Kuishiwa nguvu. Kusinzia na kuchanganyikiwa. Mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja huumwa kwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo fanya hivi:

1. Fungua mlango na madirisha upesi, huku umeizuia pumzi yako. Usikae humo ndani.

2. Watoe watu wote nje, pamoja na wale wanaosema hawaumwi.

3. Toa jiko nje ukishawatoa watu.

4. Wapeleke zahanati au hospitali haraka. Dawa yao ni oksijeni, na mhudumu atajua mahali inapopatikana.

Maziwa hayaondoi sumu hii. Sumu iko katika damu, haiko tumboni. Usimpe mtu aliyezimia kitu chochote cha kunywa, maana kinaweza kuingia mapafuni.

Wajawazito, watoto wachanga na wazee hudhurika upesi zaidi. Mtoto aliye tumboni huumia hata kama mama yake anaonekana mzima.

Moshi nao, ule unaoonekana, hauna nafuu. Huumiza mapafu ya watoto na kuleta nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa wa majumbani, kutokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

JOTO LISILOUA

Basi tuoteje? Ota moto jioni jikoni, mlango ukiwa wazi, au nje barazani. Jiko lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa ni bora. Wakati wa kulala jiko libaki nje, hata kama linaonekana limezimika. Majivu huficha makaa.

Vaa soksi na kofia kitandani. Kichwa cha mtoto mchanga hupoteza joto jingi. Mchanga alale karibu na mama yake, siyo karibu na jiko. Tandika mkeka au majani makavu chini ya godoro. Ziba upepo unaopita chini ya mlango, lakini acha matundu ya hewa ya juu ukutani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa kinene huwasha kitanda kabla ya kulala. Iondoe kabla ya kumlaza mtoto, asije akaungua.

JE, MAUA HUIBA HEWA USIKU?

Wengine hukataa maua chumbani. Wanasema usiku maua hunyonya hewa safi na kumwua mtu aliyelala. Ni kweli kwamba mmea nao hupumua. Lakini pumzi ya ua la kopo usiku kucha ni ndogo sana kuliko pumzi ya mtu mmoja. Unayelala naye kitandani anatumia hewa nyingi kuliko maua yote ya dirishani.

Wengine husema kinyume chake, kwamba maua husafisha hewa, basi jiko si hatari. Nayo si kweli. Maua machache ya kopo hayawezi kuondoa moshi wala sumu ya mkaa. Kinachosafisha hewa ya nyumba ni dirisha lililo wazi.

MAUA YENYE SUMU

Maua mengine ni mazuri kwa macho, lakini ni mabaya tumboni. Mtoto anayetambaa hujaribu kila kitu kwa mdomo.

Oleanda: majani na maua yake huharibu mwendo wa moyo. Jani chache zaweza kumwua mtoto. Hata kuni zake hazifai kupikia.

Ua la tarumbeta: ni ua kubwa linaloning'inia kuelekea chini, hunukia sana jioni. Likiliwa humfanya mtu aweweseke, mdomo hukauka, na moyo hupiga mbio. Linaweza kuua.

Ua jeupe la faneli: huota kandokando ya mifereji yetu milimani, na watu hupenda kulileta ndani. Utomvu wake huchoma mdomo na koo, ulimi huvimba.

Mnyaa na jamii yake: maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kulipofua.

Oleanda, ua la tarumbeta na mnyaa visiingie ndani kabisa. Klivia na ua la faneli viwekwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Mtoto akila ua, toa mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji. Usimtapishe. Chukua kipande cha mmea huo uende nacho zahanati pamoja na mtoto. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, kisha nenda zahanati.

KUMBUKA

Ua lichaguliwe kwa baridi ya kijiji chako.
Mchana fungua dirisha.
Mwagia kwa kupima na kidole.
Kopo la dawa ya shamba si chombo cha nyumbani.
Jiko la mkaa lilale nje. Ua zima si ushahidi kwamba hewa ni salama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ua hunyweshwa maji kidogo wakati wa baridi?
2. Katika nyumba yako, ni dirisha lipi hupata jua mwezi wa Juni?
3. Kwa nini sumu ya mkaa huua mtu, na ua likabaki zima?
4. Jirani amekuta watu watatu wanaumwa kichwa na kusinzia katika chumba chenye jiko. Afanye nini kwanza?
5. Taja maua mawili ya kijijini kwenu ambayo mtoto hapaswi kuyafikia.
6. Leo usiku, jiko la nyumbani kwako litalala wapi?

MANENO MAPYA

Sakitu: umande ulioganda kwa baridi.
Samadi: mbolea ya mavi ya ng'ombe, mbuzi au kuku.
Utomvu: maji mazito yanayotoka mmea ukikatwa.
Oksijeni: sehemu ya hewa inayotuweka hai.
Kaboni monoksidi: hewa ya sumu ya mkaa na moto, isiyoonekana wala kunuka.